Nyumba Ndogo Nyuma ya Motokaa

Iko barabara katika milima ya mashariki ya Marekani ambayo haikujengwa kwa ajili ya watu wenye haraka. Yaitwa Blue Ridge Parkway, na urefu wake ni maili 469, kutoka Virginia hata North Carolina. Ilianza kujengwa mwaka 1935, kazi zilipokuwa haba, ili watu wapate ujira. Ikamalizika mwaka 1987. Malori ya biashara hayaruhusiwi, na mwendo usizidi maili 45 kwa saa.

Wengi huipita wakivuta tela dogo lenye vitanda, jiko na tangi la maji. Usiku hulala kambini. Mchana husimama kando ya njia kutazama mabonde, au kinu cha maji ambamo zamani Ed Mabry aliwasagia majirani mahindi yao.

Lakini tela lina masharti yake. Njia hupenya milima katika matundu 26, na dereva asiyejua kimo cha tela lake atajuta. Kwenye mteremko sharti atie gea ndogo. Akikanyaga breki mfululizo zitapata moto na kupoteza nguvu, kisha tela litamsukuma korongoni. Tena aulize habari za njia kabla ya kuondoka, maana kimbunga Helene cha Septemba 2024 kilibomoa sehemu nyingi.

Mwenye haraka ana barabara nyingine. Hapa aendaye polepole ndiye afikaye, tena hufika na jambo la kusimulia.