Dawa Moja si Tiba ya Maskini



Katika maombi ya msaada yanayoifikia kamati yetu ya msikiti, yapo yanayohusu akina mama wenye saratani ya matiti iliyokwisha kusambaa kwenye mifupa, ini au mapafu. Mara nyingi jamaa huja na lalamiko moja: daktari ameandika dawa moja tu ya dripu, ilhali wamesikia kwamba wengine hupewa mbili au tatu kwa pamoja. Huhitimisha kuwa mgonjwa wao amepewa tiba ya maskini. Ndugu mmoja alifikia kutaka kuuza kiwanja, tegemeo pekee la wanawe, ili mkewe apate dawa nyingi.

Tuliona ni wajibu kuwauliza wenye elimu kabla ya kupitisha mchango. Tuliyoyapata yanafaa kufahamika na kila familia.

Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliohusisha wagonjwa 739 wa hali hiyo. Kundi la kwanza lilipewa doksorubisini, la pili paklitakseli, na la tatu zote mbili kwa pamoja. Dawa moja iliposhindwa, mgonjwa alihamishiwa ile nyingine. Uvimbe ulisinyaa kwa wagonjwa 36 katika kila 100 wa kundi la kwanza, 34 wa kundi la pili na 47 wa kundi la tatu. Hadi hapo mbili zaonekana bora. Lakini katika muda wa kuishi, nusu ya wagonjwa wa kundi la kwanza walivuka miezi 19 hivi, na nusu ya wale wa makundi mawili mengine walivuka miezi 22. Kuchanganya dawa hakukuwaongezea umri, wala hakukuyafanya maisha yao kuwa mepesi zaidi.

Ndiyo maana madaktari wengi huanza na dawa moja, na inapoacha kufanya kazi huleta nyingine. Kuchanganya huongeza kichefuchefu, vidonda vya mdomoni na upungufu wa chembe nyeupe za damu. Kwa hiyo huwekwa akiba kwa mgonjwa ambaye ini au mapafu yake yamo hatarini na uvimbe unahitaji kupunguzwa haraka. Wapo pia ambao saratani yao hustawishwa na homoni. Hao mara nyingi huanza na vidonge vya kuizuia homoni hiyo. Kipimo ndicho kinachoamua, si uwezo wa mfuko.

Ukweli mwingine ni mzito: katika hatua hii, kwa kawaida dawa hizi haziuondoi ugonjwa kabisa. Hurefusha maisha na kupunguza maumivu. Kumficha mgonjwa jambo hili ni kumnyima nafasi ya kuandika wasia, kulipa madeni na kuagana kwa wema.

Mke wa yule ndugu alikuwa hajaulizwa na mtu. Alipoulizwa, alijibu: "Shekhe, kiwanja cha watoto msikiguse. Mimi nataka siku ambazo naweza kukaa nao nikiwa na nguvu." Mumewe aliinamisha kichwa, na kiwanja hakikuuzwa.

Mchango uliopatikana ulielekezwa kwenye nauli, vipimo vya damu na chakula, ili asikose dozi hata moja. Akina mama wa msikiti walipeana zamu za kumsindikiza, na wakafundishwa kwamba homa ikifika nyuzi 38 mgonjwa apelekwe hospitali saa ileile, hata usiku wa manane.

Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kutafuta tiba, na kutafuta huko ni pamoja na kuuliza kabla ya kuuza. Tumwombe Allah awaponye wagonjwa wetu, na awape subira wanaowauguza.

Wabillahi tawfiq.