Rangi ya Kokoto

Hapa Bujumbura mtoto husoma neno "taruma" kitabuni, akaliandika vizuri katika imla, wala asijue ni kitu gani. Hana lawama. Burundi haijapata kuwa na njia ya reli inayofanya kazi. Reli ya jirani tuizungumzayo ni ile iliyotoka Dar es Salaam ikafika Kigoma mwaka 1914. Kutoka hapo shehena zetu zilimaliza safari kwa meli, juu ya Ziwa Tanganyika.

Kwa ajili hiyo, sisi walimu wachache wa Kiswahili tuliazimu kutengeneza pamoja na wanafunzi wetu wa Buyenzi mfano mdogo wa stesheni ya Kigoma juu ya ubao. Tulishika kipimo cha 1 kwa 87. Kwa kipimo hicho jiwe la milimita 50 hubaki nusu milimita na kidogo; basi kokoto zetu zilikuwa mchanga wa ufukweni, uliooshwa, ukaanikwa na kuchekechwa.

Ubishi ulizuka juu ya rangi. Wanafunzi walitaka njia yote iwe nyeusi, kwa kuwa moshi ni mweusi. Tuliwataka wafikiri kwanza kazi ya kokoto: huyashika mataruma yasihame, hutawanya uzito wa gari moshi juu ya tuta, na hupitisha maji ya mvua. Ni mawe yaliyopondwa, na rangi yake ya kwanza ni ya mwamba yalikotoka. Baadaye magurudumu na breki husaga chuma. Unga wake hupata kutu, na mawe yaliyo karibu na reli huwa ya hudhurungi. Injini zinaposimama, mafuta hudondoka na kuacha madoa meusi. Wanafunzi walikubali kwamba kila rangi ina sababu yake.

Tukatumia majivu kwa rangi ya mwamba, unga wa tofali kwa kutu, na unga wa makaa palipostahili mafuta. Gundi nyeupe tuliizimua kwa maji na tone la sabuni, ipate kupenya kati ya chembe. Mchanga ukilowa huonekana mweusi kuliko ulivyo, kwa hiyo hatukuhukumu rangi mpaka ulipokauka. Tulianza na rangi hafifu, maana iliyopungua huongezwa, na iliyozidi ni taabu kuiondoa. Madodoki yaliyokatwakatwa na kutiwa kijani yakawa vichaka.

Mwisho mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini reli isifike kwetu. Baadhi yetu tulipenda kumridhisha. Lakini mfano unaofundisha haufai kusema uongo. Reli ikakomea gatini, penye samawati ya ziwa. Hata hivyo, mwaka 2025 ulizinduliwa ujenzi wa reli ya kutoka Uvinza hadi Musongati, ndani ya Burundi. Kwa hiyo, katika ukingo wa mashariki, upande wa kuelekea Uvinza, tuliacha ukanda wa ubao mtupu, bila mchanga wala rangi. Watakaoiona reli hiyo kwa macho ndio watakaoupaka.

Walimu wenzetu, siku hizi neno "taruma" likitajwa darasani, vidole huelekea kwenye ubao ule. Maneno mengi ya vitabu vyetu yangali yanangoja kuonyeshwa hivyo.