Adabu ya Darasa Kubwa

Nilipohitimu katika Chuo cha Ualimu cha Mpwapwa, miaka michache baada ya Azimio la Arusha la 1967, nilipangiwa kazi katika mwambao wa Tanga, kwenye kijiji cha wavuvi na wakulima wa minazi upande wa kusini wa Mto Pangani, na huko, pamoja na shule nyingine za wilaya ile ile, ndiko ulikopita umri wangu wote wa kazi. Zilikuwa zama za matumaini makubwa. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea, alioutoa Mwalimu Nyerere mwezi Machi mwaka ule wa 1967, ulikuwa ukisomwa katika kila chuo cha ualimu, Kiswahili kilikuwa kimeshika nafasi ya lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na sisi vijana tuliamini, nami naamini hata leo, kwamba hapana mtoto aliyezaliwa pasipo akili ya kujifunza.

Nayaandika haya kwa ajili ya walimu wanaoanza kazi, ambao aghalabu huingia darasani wakiwa wameyamudu masomo yao barabara, ilhali hakuna aliyewakalisha kitako akawaeleza jinsi watoto 80 wawezavyo kukaa katika chumba kimoja wakasoma, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake, pasi na vurugu wala fimbo. Rai yangu ni kwamba adabu ya darasa hujengwa kabla kosa halijatendeka, na ya kuwa mwalimu anayengoja kosa ndipo aanze kushughulika na adabu, huyo amekwisha kuchelewa, hata awe na hekima na upole wa namna gani.

Jambo hili lilinidhihirikia zaidi baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, lilipoamriwa kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe amepata nafasi. Nchi nzima ilikuwa na wanafunzi wa shule za msingi wapatao milioni 1.2 mwaka ule wa azimio, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamepita milioni 3. Walimu walikuwa haba, hata vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa na kufunzwa ualimu huko huko vijijini, wakisoma kwa posta na kwa redio, huku wakishika chaki chini ya uangalizi wetu sisi tuliowatangulia. Wapo waliowabeza vijana hao. Mimi niliyefanya kazi nao nawashuhudia kwamba wengi wao walikuwa na mapenzi ya kazi, na kwamba walichokikosa zaidi ni mtu wa kuwaonyesha namna ya kulianza somo.

Kwa maana kulianza somo ni nusu ya kazi. Kengele yetu ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa katika mwembe, na ilipogongwa watoto walikuja mbio kutoka uwanjani wakiwa na jasho na maneno yao, wakapita wote katika mlango mmoja. Desturi yangu ilikuwa kusimama mlangoni pale, nikiwa nimekwisha kuandika ubaoni kazi fupi ambayo kila mtoto angeweza kuifanya bila ya kuelezwa, ama hesabu tano za jana, ama sentensi mbili za kukamilisha. Kila aliyepita nilimtaja kwa jina lake, akanisalimu, nikamwitikia, naye akaenda kuketi mahali pake na kuanza. Dakika chache zile, ambazo katika madarasa mengi hupotea kwa kusukumana na kwa mwalimu kupiga meza akitaka kimya, kwetu zilikuwa dakika za kazi. Na katika kuwapokea mmoja mmoja nilijua nani kaja na uso wa kununa, nani hakula tangu jana, na ni wawili gani waliotoka kupigana nyuma ya vyoo, nikapata nafasi ya kuwatenganisha kabla hawajaketi.

Kuhusu sauti, neno langu ni fupi. Mwalimu apaazaye sauti huwafundisha watoto kupaaza zao, na anayeteremsha sauti yake makusudi katika jambo lenye maana hulazimisha masikio yamfuate. Asiseme kitu, hata namba ya ukurasa, mpaka macho yote yawe kwake. Na akishakuanza kusema, asizungumze na ubao.

Kwa namna ya kuwagawa watoto wengi nilirejea mahali nilipopata elimu yangu ya kwanza, nami sioni haya kusema kwamba chuo cha Kurani kilinisaidia katika jambo hili kuliko vitabu vingi. Aliyelelewa pwani ameona jinsi mwalimu wa chuo anavyoketi juu ya mkeka na watoto arubaini mbele yake, huyu yuko katika alifu na be, yule anaunganisha herufi kwa irabu zake, wa tatu yuko Yasini, na wala hawagongani, kwa sababu kila mmoja anaijua hatua yake, na wakubwa huwadurusisha wadogo huku mwalimu akimwita mmoja mmoja kumsikiliza. Ile sauti nyingi inayosikika njiani ni sauti ya kusoma. Basi nami katika darasa la kwanza, lililokuwa na mtoto wa miaka saba na kijana wa miaka kumi na mitatu juu ya dawati moja, niliwapanga kwa hatua zao za kusoma, nikawapa wale waliotangulia daraka la kuwasikiliza wenzao kwa robo saa kila siku, nikawabadilisha kila mwezi ili asitokee mtoto aliyezoea kuwa wa kusaidiwa tu. Kundi moja likiandika herufi mchangani chini ya dirisha, la pili likihesabu kwa vizibo vya soda, la tatu lilikuwa nami. Yule mtundu aliyekuwa akiwachoma wenzake kwa kijiti, alipokabidhiwa wadogo wawili wa kuwafundisha silabi, alikuwa mkali wa utulivu kunishinda mimi.

Iko desturi moja katika shule zetu niliyoipinga tangu mwanzo, nayo ni ya kumwachia kiranja karatasi aandike majina ya wapiga kelele pindi mwalimu atokapo. Huleta dhuluma, kwa kuwa kiranja huwaandika maadui zake na kuwafuta marafiki, huuzwa kwa embe na kashata, na huwafanya watoto waamini kwamba utulivu ni hofu ya karatasi. Viranja wangu niliwapa karatasi ya namna nyingine: waandike nani kamaliza kazi, nani kakwama na wapi kakwama. Nikirudi, naanzia kwa waliokwama.

Nitaeleza habari ya mtoto mmoja kwa urefu, kwa sababu ndani yake mna sehemu kubwa ya niliyokusudia kusema. Alikuwa darasa la tatu, mwenye mikono mipana kuliko umri wake, na mwenendo wake ulikuwa umemchosha kila mwalimu. Wiki mbili au tatu husoma kwa bidii, akacheka na wenziwe na kuwasaidia. Kisha ghafla hulala juu ya dawati, akiamshwa hujibu kwa ukali, na siku nyingine haonekani kabisa. Alikuwa amekwisha kuchapwa mara nyingi kabla hajaja kwangu, wala fimbo haikumbadili. Jioni moja nilikichukua kitabu cha mahudhurio, nikaketi nacho barazani, nikazifuata kwa kidole alama za kutofika kwake, ukurasa baada ya ukurasa. Zilikusanyika pamoja, zikakoma, zikakusanyika tena mwezi uliofuata, na nilipozilinganisha na kalenda ya Kiislamu niliyokuwa nayo ukutani, zote ziliangukia mwisho wa mwezi na kuandama kwa mwezi mpya. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Hizo ndizo siku za giza, siku za kuvua dagaa kwa karabai, kwa kuwa mbalamwezi ikitoka taa haina tena nguvu ya kuwavuta samaki.

Nilimwendea baba yake pwani, nikamkuta chini ya mkungu akishona nyavu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwalimu. Karibu, keti. Najua, umekuja kwa ajili ya yule mtukutu.”

“Nimekuja kwa shauri, mzee, sikuja kwa mashtaka. Kijana wako anasoma vizuri mwezi ukiwa mkubwa.”

Aliiweka sindano ya nyavu chini, akanitazama kwa muda. “Mwalimu, nisikufiche. Sina mtu wa kufua maji chomboni ila huyu. Kaka yake yuko Muheza kwenye mkonge. Nikimwacha nyumbani, nani atanishikia taa?”

Sikumwambia aache kuvua, maana dagaa wale ndio waliomnunulia mtoto madaftari. Shule yetu wakati huo ilikuwa na zamu mbili, kwa upungufu wa vyumba, na darasa la tatu lilikuwa na mikondo miwili, mmoja wa asubuhi na mmoja wa alasiri. Tukakubaliana, kwa idhini ya mwalimu mkuu, kwamba katika siku za giza alale asubuhi na kuja mchana, na kwamba mzee mwenyewe atamwamsha. Alimwamsha kweli. Ule ukali wa majibu ulitoweka bila ya mtu kuukemea, kwa kuwa ulikuwa ukali wa usingizi, na kijana akasoma mpaka akamaliza darasa la saba.

Tangu hapo nilishika ada, katika wiki ya kwanza ya kila mwaka, ya kusimama hatua chache nyuma ya kila mtoto nikamwita kwa sauti ya chini, na kumsomesha maneno matatu ya ubaoni akiwa ameketi mahali pake. Hapana mwaka uliopita nisimwone ambaye masikio yake yatoka usaha au ambaye macho yake hayafiki ubaoni, naye kwa wenzangu akawa akiitwa mjeuri asiyesikia amri. Hao niliwaketisha mbele na kuwaandikia wazazi wao wawapeleke zahanati. Mtoto asiyeweza kusoma naye hufanya fujo wakati wa kusoma, kwa kuwa ni afadhali kwake aitwe mtundu kuliko kuitwa mjinga mbele ya wenzake. Kumwadhibu kwa fujo hiyo ni kumlipa alichokitafuta.

Katika kuuliza maswali nilikuwa na mazoea ya kuuliza kwanza, kunyamaza, kisha ndipo nitaje jina. Ukilitaja jina kwanza, watoto wote waliobaki wamepewa ruhusa ya kutofikiri. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Mmarekani Mary Budd Rowe alikipima kimya hicho katika madarasa ya sayansi, katika utafiti alioutangaza katika miaka ya 1970, akaona kwamba walimu wengi hungoja kadiri ya sekunde moja tu, na ya kuwa walipofundishwa kungoja sekunde tatu au zaidi majibu yalirefuka, watoto wengi zaidi walijitokeza, na wale wa kusema “sijui” wakapungua. Vivyo hivyo, katika mafunzo kazini mkufunzi mmoja alitueleza habari za Jacob Kounin, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1970 baada ya kuyarekodi madarasa kwa kamera, akatafuta ni karipio gani lenye kuleta utulivu. Na alichokiona ni kwamba namna ya kukaripia haikuwapambanua walimu wenye madarasa matulivu na wenye madarasa ya ghasia. Kilichowapambanua ni kwamba wale wa kwanza waliona kila pembe ya darasa hata wakiwa wanamsaidia mtoto mmoja, nao hawakulikatakata somo kwa maneno yasiyo na lazima. Nilifurahi sana kusikia hayo, kwa kuwa yaliungana na yale niliyoyaona mimi mbele ya ubao wangu.

Na fimbo? Nasema kwa dhamiri safi kwamba sikuiona ikifundisha kitu. Darasa la fimbo hutulia, hilo sikatai, lakini macho ya watoto huwa katika mkono wa mwalimu badala ya kuwa katika hesabu, na mtoto anayeogopa haulizi asichokielewa. Kanuni za serikali za mwaka 2002 zimeweka mpaka wa viboko vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, kisha viandikwe kitabuni; jirani zetu wa Kenya waliiondoa adhabu hiyo kabisa mwaka 2001. Naomba Mungu nasi tufike huko. Hata hivyo mwalimu mwenye watoto 80, asiyeonyeshwa njia nyingine, akinyang'anywa fimbo huachwa mikono mitupu, na haki yake ni kuonyeshwa njia hizo chuoni, tena kwa vitendo, ndani ya darasa lililojaa.

Kila mwisho wa mwaka nilimwandikia mwalimu atakayepokea watoto wangu daftari dogo, mstari au miwili kwa kila mtoto. Sikuandika mtundu wala mvivu. Niliandika kwamba huyu husikia kwa sikio la kulia, aketi upande wa dirisha. Huyu anajua kutoa lakini kukopa humchanganya. Hawa wawili ni ndugu wa mama mmoja na wamegombana, wasikae pamoja mpaka Aprili. Huyu analelewa na bibi yake mgonjwa, akichelewa asiulizwe mbele za watu. Huyu akipewa kazi ya kugawa vitabu husoma siku nzima. Mmoja wa vijana wale waliofunzwa ualimu vijijini, aliyelipokea darasa la nne kutoka kwangu, alilisoma daftari lile usiku kucha kwa taa ya chemli, na asubuhi, kabla rimu haijagongwa, nilimkuta peke yake darasani akihamisha madawati.