Kabureta za MGB na pikipiki za Kisangani

KISANGANI – Gari ya spoti ya Kiingereza si kitu cha kupita katika barabara za huku. Hata ingefika, mashimo yangeipasua chini kabla ya saa sita ya mchana. Huku ni toleka, motari, na Toyota kwa mwenye uwezo. Lakini fundi anayefungua pikipiki chini ya mwembe angeielewa MGB mara moja. Ilikuwa na kabureta mbili za aina ya SU: pistoni ndogo hupanda na kushuka kufuatana na hewa inayovutwa na injini, na sindano yake huachia esansi kidogo au nyingi. Kabureta za pikipiki nyingi za leo zinafuata akili ile ile. Kwa hiyo kilichozipata gari zile si habari ya wazungu peke yao.

MGB ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980. Zilitoka zaidi ya 500,000, na nyingi zilivuka bahari kwenda Marekani. Huko ndiko shida ilikoanzia. Mwaka 1966 California, ambako moshi ulikuwa umewafunika watu wa Los Angeles kama ukungu, iliweka vipimo vya moshi kwa gari mpya. Serikali kuu ikafuata kwa gari za 1968, kisha sheria ya hewa safi ya 1970 ikadai sumu kubwa za moshi zipunguzwe kwa asilimia 90. Austin-Healey 3000 haikusubiri hata hiyo. Biashara yake ilikuwa imeshakwisha vipimo vya 1968 vilipoingia.

MGB ilisubiri, na ilichofanyiwa kinatia huruma. Mwaka 1974 ilifungwa bampa nzito za mpira na kuinuliwa karibu sentimita 4, ili ifikie kimo kilichotakiwa na sheria za usalama. Gari iliyozoea kulala chini ikaanza kuyumba kwenye kona. Baada ya hapo zile za Marekani zikanyang'anywa kabureta mbili na kupewa moja. Nguvu ya farasi 95 ya mwanzoni ikashuka chini ya 70. Ni kweli kwamba namna ya kupima nayo ilibadilika, lakini dereva aliyekuwa anapanda mlima hakuhitaji karatasi ya vipimo.

Triumph nao walikuwa na kichekesho chao. Gari yao ya TR7 iliyotoka 1975 ilianza bila aina ya kufunguka juu, kwa sababu iliogopwa kwamba Marekani ingepiga marufuku gari zisizo na paa gumu. Marufuku hiyo haikuja kamwe.

Wapenzi wa gari hizi hulaumu sheria ya moshi mpaka leo. Lawama hiyo haitoshi. Sheria ile ile iliikuta Honda, na Honda ikatengeneza injini ya CVCC iliyofaulu vipimo vya 1975 bila hata kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi ambacho mafundi wa Dar es Salaam hukiita masega. Iliikuta pia Datsun 240Z, ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971, ikashinda tena 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Kwa ajili ya moshi nayo ilipewa kabureta zilizochukiwa sana. Wajapani wakakuza injini yake, na 1975 wakaileta kama 280Z yenye kupuliza mafuta kwa kupimwa na umeme. Ikaendelea kuuzwa. British Leyland, wenye MG na Triumph, walikuwa na deni, migomo, na injini ya ukoo wa miaka ya 1950. Serikali ya Uingereza ililazimika kuichukua kampuni mwaka 1975. Kwa umaskini wa namna hiyo mtu hubandika viraka tu, na Oktoba 1980 Abingdon ikafungwa.

Sasa zamu ni ya pikipiki. Tarehe 1 Aprili 2020 India iliingiza kanuni za moshi ziitwazo Bharat Stage VI. Bajaj na TVS, viwanda vya pikipiki zinazobeba watu mpaka huku kwetu, viliacha kabureta kwenye pikipiki nyingi za kuuzwa India. Zinazokuja Afrika kwa wingi bado ni za kabureta. Motari anashukuru, kwa kuwa bei ni nafuu na inatengenezwa kwa bisibisi. Moshi wake anauvuta yeye, siku nzima, pamoja na mtoto aliyekaa katikati ya mama na dereva.

Na gari ni vile vile. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilihesabu gari ndogo kuukuu milioni 14 zilizotoka Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018; asilimia 40 zilikuja Afrika. Huko London, gari ya dizeli ya 2012 kwa kawaida hulipa pauni 12.50 kila siku inapoendeshwa, kwa kosa la moshi. MGB iliyozidi miaka 40 na kuandikishwa kama gari ya kihistoria hailipi kitu. Mzee amesamehewa, kijana ndiye anayefukuzwa, na anakofukuziwa mara nyingi ni huku.

Siku kabureta zitakapoacha kuja Kisangani, fundi atahitaji kifaa cha kusomea kompyuta ya pikipiki, umeme wa kukitumia, na mtu wa kumfundisha. Kwa sasa kijana anayeanza kazi huku anapewa jikleri iliyoziba na uzi mmoja wa waya wa breki, aizibue.