Sarafu na Mashua

Nyangwe ni mahali pa kale ukingoni mwa mto Lualaba, kusini ya Kindu. Livingstone alifika huko mwaka 1871, na Cameron mwaka 1874. Wote wawili walitaka kuufuata mto. Hawakupata mitumbwi, wakauacha.

Mwaka 1876 Stanley alifika Maniema. Usiku mmoja yeye na mwenzake Frank Pocock walirusha sarafu: waufuate mto kaskazini, au waende kusini? Mara sita sarafu ilijibu kusini. Lakini Stanley hakuisikiliza. Alihesabu alivyokuwa navyo.

Alikuwa na mashua, Lady Alice, iliyoundwa vipande vipande ili wapagazi waweze kuichukua. Akapatana na Tippu Tip, mfanya biashara ya pembe na watumwa, amsindikize vituo 60.

Tarehe 5 Novemba waliondoka Nyangwe. Msituni mlikuwa na giza na utelezi. Wapagazi wa mashua walitaabika kuliko wote, wakichelewa kufika kambini. Tippu Tip mwenyewe alitaka kurudi. Tarehe 19 wakauona mto tena. Wakaunga vipande, mashua ikaelea, ikawavusha watu.

Mzigo uliowachosha ndio uliowavusha.

Hata hivyo, wengi hawakufika baharini. Pocock alizama mtoni mwaka 1877. Basi, watoto, kabla ya safari hesabuni siku, chakula na mizigo. Tena mwulizeni mwenzenu kama ataweza kuchukua mzigo wake. Sarafu haichukui mzigo wa mtu.