Makali ya Kisu na Mwinamo Wake

Tunapoutaja utamaduni wa taifa, aghalabu fikira zetu hukimbilia ngoma, ushairi na vinyago. Zana za kazi huachwa nyuma, na hata zinapotajwa, husifiwa mipini na ala zake, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyotiwa mapambo. Sisi twaona kwamba elimu kubwa iliyomo katika kisu imo mahali pembamba zaidi, yaani pale bapa linapoanza kukonda kuelekea makalini. Namna ubavu wa chuma ulivyoinamishwa ndiyo inayoamua kama kitakata mti, kitachuna ngozi, au kitafaa nyama tu.

Habari za chuma chenyewe zimekwisha kuandikwa. Matanuru marefu ya Wafipa, yaitwayo malungu, yanafahamika. Na mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha habari za uyeyushaji wa kale huko Buhaya, ambao walisema ulitoa chuma cha pua kiasi cha miaka 1500 hadi 2000 iliyopita. Lakini chuma kikishatoka motoni na kufuliwa, waandishi wetu hunyamaza, kana kwamba makali huota yenyewe.

Tulitazame panga, maana ndilo lililoenea kuliko visu vyote vya shamba na pori. Panga hutoka kiwandani likiwa bamba la unene ulio karibu sawa, na ukingo wake umekwaruzwa kidogo tu. Ndivyo yalivyokuwa mapanga yaliyoletwa kutoka Uingereza, na yale yaliyotengenezwa Ubungo katika kiwanda cha UFI. Kazi ya kulitia makali humwangukia mnunuzi. Mkulima hulisugua juu ya jiwe lililolowa maji, na kwa kuwa mkono wa binadamu haushiki pembe moja daima, panga hubembea kidogo kila linapokwenda na kurudi. Bega lililopo kati ya bapa na ukingo huliwa polepole, na makali hupata tumbo kila upande. Wasiojua huuona ule mbembeo kuwa udhaifu wa mkono. La hasha! Tumbo hilo ndilo linaloutanua mti upasuke, panga lisinase. Na kwa kuwa nyuma ya ukingo kuna chuma kinene, panga likikuta fundo halitoki pengo kwa urahisi. Ni kweli kwamba panga la namna hiyo litaiponda nyanya badala ya kuikata, lakini nani alilinunua kwa ajili ya nyanya?

Mijini mambo yamegeuka. Wanoaji hupita mitaani na baiskeli, huisimamisha juu ya stendi, wakakanyaga pedeli hadi jiwe la mviringo likazunguka. Twaipenda kazi yao na cheche zake, na visu vya jikoni hupona mikononi mwao. Hata hivyo jiwe la mviringo huacha alama ya umbo lake: ubavu wa kisu huchimbika, na kadiri jiwe lilivyo dogo ndivyo shimo linavyozidi kuwa na kina. Wembe wa kukunja wa vinyozi wa zamani ulichimbwa hivyo mbavu zote mbili, na mchunaji wa ngozi naye hunufaika na makali membamba ya aina hiyo. Panga la kufyekea likichimbwa hivyo, hukata kama wembe asubuhi ile ya kwanza, na jioni lina mapengo. Mashine ya umeme huongeza dhara jingine, nalo ni joto. Ionekanapo rangi ya samawati makalini, ugumu wa chuma umekwisha kutoka. Hapo ndipo husikika malalamiko kwamba chuma cha siku hizi hakifai. Hatusemi kuwa chuma duni hakipo sokoni. Kipo, tena kingi. Lakini mara nyingi lawama huelekezwa kwa mfuaji, na kumbe kosa ni la mnoaji.

Sime ya Wamaasai ni mtihani mkubwa zaidi. Panga lina mgongo mnene wa kulibebea nguvu. Sime haina, kwa kuwa inakata pande zote mbili. Mhunzi huacha tuta katikati ya bapa, na kutoka katika tuta hilo huinamisha chuma mara nne, miinamo miwili kila uso. Halafu huipanua karibu na ncha ili uzito ukae huko mbele, pigo liwe la kushuka. Sime nyingi zimetengenezwa kwa tupa kuukuu na kwa mapanga yaliyochakaa, na bamba la panga ni jembamba. Kulitoa tuta humo bila kuyapotosha makali ya upande mmoja ni kazi ya jicho.

Wafini wa Ulaya kaskazini, katika kisu chao kiitwacho puukko, wamechagua mwinamo mmoja mpana ulionyooka hadi ukingoni. Mwinamo wote hulala juu ya kinoo, na mwanafunzi hana haja ya kukisia pembe. Ni hekima inayofaa sana kuchonga mti, na wanaofundisha ufundi shuleni wangeweza kuianzia.

Kiswahili kinayo maneno ya mgongo, bapa, ncha, msuka na mpini. Kwa maumbo haya ya makali hatujakutana na maneno yaliyokubaliwa na wengi, ndiyo maana tumesema mwinamo, tumbo na shimo. Mhunzi atakayetupa yaliyo bora tutamsikiliza, hasa akitoka Upare au Ufipa.