Mlokole wa Jumapili, Jumatatu Je?

Leo naomba tuweke pembeni habari za mapenzi na mitindo ya nywele, tuongee kidogo habari za Mungu. Usifunge ukurasa kwanza! Sikuhubirii. Mimi si mchungaji na sina kanisa la kufungua. Haya ni maongezi ya vijana kwa vijana.

Tuanze na swali. Hivi Mkristo anajulikana siku gani? Ukisema Jumapili, umekosa. Jumapili kila mtu anapendeza. Suti zimepigwa pasi, vitenge vinang'aa, kwaya inaimba mpaka spika zinakwaruza. Hata yule konda aliyemtukana bibi wa watu Ijumaa kwa ajili ya shilingi mia, Jumapili unamkuta mstari wa mbele, mikono juu, machozi yanamtoka. Jumapili haina mtihani, bwana. Mtihani uko Jumatatu saa tatu asubuhi, mchungaji hayupo, kwaya haipo, na hela iko mezani.

Wengi wetu tuna moyo wenye droo kama meza ya karani. Droo hii ya Mungu, hii ya hela, hii ya mpenzi, hii ya washikaji. Ile ya Mungu tunaifungua Jumapili, siku ya mtihani wa kidato cha nne na tukiugua malaria. Hizo nyingine tumezifunga na funguo tumezificha, eti Mungu asipekue. Halafu tunajiuliza mbona hatuna amani! Wahenga walishasema, njia mbili zilimshinda fisi.

Hebu tazama hili neno "mlokole" tunalopenda kutaniana nalo. Limetoka kwa jirani zetu Waganda, na maana yake ni mtu aliyeokoka. Lilienea na ule Uamsho uliowaka Gahini kule Rwanda na Uganda miaka ya 1930, ukavuka mpaka Bukoba na kufika Kenya. Watu wa Uamsho walikuwa na wimbo wao, "Tukutendereza Yesu", na mpaka leo wazee wengi wanaujua. Lakini kilichowashtua majirani siyo wimbo, maana kuimba kila mtu anaweza. Kilichowashtua ni kuona mtu akiokoka anarudisha vitu alivyoiba, analipa madeni yaliyokwisha kusahaulika, anamwomba mkewe msamaha. Yaani wokovu ulionekana kwenye jembe lililorudi kwa mwenyewe. Siku hizi tunauona kwenye sauti ya mkesha tu. Jamani!

Sasa nikupe kisa kilichonikuta mwenyewe. Baada ya kumaliza shule nilihangaika sana, mwisho nikapata kibarua kwenye duka moja la vifaa vya umeme Kariakoo. Jina la duka tuliache. Mwenye duka alikuwa mtu wa Mungu, au ndivyo nilivyoamini. Kila siku saa mbili asubuhi kabla ya kufungua milango tunasimama wote, tunashikana mikono, anaomba. Na anaomba kweli, mpaka jasho! Mimi nilikuwa stoo, nahesabu makatoni. Mwezi wa pili dada wa kaunta akaenda likizo ya uzazi, nikahamishiwa kwenye mashine ya risiti.

Siku ya tatu tu, akaja mteja kutoka mkoani na mzigo wa laki tano. Bosi akaniambia nimtolee risiti ya elfu hamsini.

"Samahani mzee," nikamwambia, "mzigo ni laki tano."

"Najua. Toa ya hamsini."

"Mzee, mimi hiyo siwezi."

"Huwezi kubonyeza mashine?"

"Kubonyeza naweza. Kuandika uongo ndiyo siwezi."

Mteja akacheka. Bosi hakucheka. Akanivuta pembeni, akaniambia kwa upole kabisa, "Sikiliza kijana, kanisa ni kanisa, biashara ni biashara. Kariakoo nzima inafanya hivi." Nikamuuliza, kwa heshima zote, sasa ile sala ya saa mbili tulikuwa tunamwombea nani? Basi, hapo ndipo kibarua changu kilipoota nyasi. Alinilipa siku zangu, akaniambia niende na utakatifu wangu.

Msomaji, usidhani nyumbani nilipokewa kwa vigelegele. Mama yangu anauza vitumbua, na mshahara wangu ndio uliokuwa unalipa kodi ya vyumba vyetu viwili. Mama ni mtu wa kanisa, Alhamisi hakosi kikundi cha akina mama. Lakini nilipomweleza alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Haya mwanangu. Mwenye nyumba akija, utampa huo ukweli?" Nilikosa jibu. Usiku ule sikulala vizuri, nikawa najiuliza kama kweli Mungu ameona, au nimejifanya shujaa mbele ya mashine ya risiti.

Wiki mbili baadaye, ndani hata unga wa kesho haujulikani, akapita baba mmoja alfajiri anawahi daladala. Akachukua vitumbua vya elfu mbili, akatoa noti, akaondoka mbio. Kulikuwa bado giza. Mama alipoisogeza ile noti kwenye moto akaona ni ya elfu kumi. Mimi nikanyamaza, nikamwangalia. Elfu nane, msomaji! Kwetu ilikuwa chakula cha siku mbili. Mama naye akaniangalia. Kisha akahesabu elfu nane kutoka kwenye kile kikopo chake, akanisukumia mkononi. "Usinitazame hivyo," akasema. "Kimbia, gari halijaondoka."

Nilikimbia. Nilimkuta yule baba ameshakaa dirishani. Hakuamini. Na mimi nakwambia, nimesikia mahubiri mengi, nimekesha mikesha mingi, lakini sijapata kusikia mahubiri kama yale maneno mawili, "usinitazame hivyo". Mwanamke yule aliogopa njaa kama mtu yeyote. Ila ile droo ya hela aliifungua, akamwachia Mungu funguo.

Najua unachosubiri. Unasubiri niseme kwamba mwezi uliofuata nilipata kazi kubwa, mama akafungua hoteli, na bosi wangu akafilisika. Wapi! Miezi mitatu tuliishi kwa kukopa, mwenye nyumba alikuja mara mbili na maneno yake. Kazi nzuri kuliko ile sijapata mpaka leo. Naungaunga, makala hapa, kibarua pale. Na bosi bado anauza, tena nasikia kafungua duka la pili.

Nayasema haya kwa sababu kuna biashara imeingia makanisani, eti ukimpa Mungu elfu kumi ujiandae kupokea laki. Huko ni kumgeuza Mungu kuwa upatu. Mtu anayempenda Mungu kwa moyo wote hampendi kwa sababu ya faida. Akipata, anashukuru. Akikosa, bado yupo. Nilichopata mimi ni kimoja tu, na hakipandi daladala wala hakilipi kodi. Nikisikia watu wa kodi wamepita mtaa ule, moyo haunipigi. Nikilala, nalala mtu mmoja. Zamani sikujua kama hiyo ni mali.

Sasa utauliza, tufanyeje? Maana mjini vishawishi vinatembea kwa miguu. Mpenzi anakwambia, "Kama tutaoana, si ni yaleyale?" Washikaji wanakupa ofa ya bia na wanakuona mshamba ukiomba soda. Kwenye magrupu ya simu umbea umeiva, na kidole kinawasha. Mimi nina mawili tu ya kukushauri.

La kwanza, amua mapema. Msome Danieli. Yule kijana alikuwa mtumishi wa serikali ugenini, tena ya wapagani, na tangu mwanzo alishakata shauri kwamba chakula cha mfalme hakitamchafua. Hakungoja sahani ifike mezani ndipo aanze kufikiri. Na baadaye, maadui zake walipopekua kazi yake wamkamate kwa rushwa au uzembe, walitoka mikono mitupu, ikabidi wamtafutie kosa kwenye sala zake. Hebu jiulize, wewe wakikukagua kazini, watatoka mikono mitupu? Na sala yenyewe haikuwa ya maonyesho. Ilikuwa mara tatu kwa siku, kila siku, kama mtu anavyokula. Ukisubiri kuamua wakati noti iko mkononi, noti ndiyo itakayoamua.

La pili, tafuta mtu mmoja wa kukuuliza. Siyo umati, mmoja tu. Anayeweza kukupigia Jumatano usiku na kusema, "Vipi, ile hela uliirudisha? Yule dada uliacha kumdanganya?" Peke yako moto unapoa. Kaa moja likitengwa na mengine huwa jeusi upesi, muulize mama yeyote mwenye jiko.

Na tafadhali, ukifanikiwa usitangaze mtaa mzima. Kuna walokole wakikataa rushwa moja tu, ofisi nzima haipumui wiki mbili! Mama yangu ile elfu nane hajaitaja tena mpaka leo. Mimi ndiye mdomo mrefu, nimeiandika gazetini, na akisoma hapa nitasikia cha moto.

Haya msomaji, nafasi imekwisha. Wiki ijayo tukijaliwa tunarudi kwenye mambo yetu ya wachumba. Lakini kabla hujafunua ukurasa, angalia leo ni siku gani. Siyo Jumapili, eh? Vizuri sana. Basi Mungu anaanzia hapo.